Zana za Mtandaoni katika Kufundisha Kiingereza kwenye Shule Shirika: Mfano wa Mongbwalu na Uganda

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa sekondari wa Mongbwalu husoma Kiingereza kwa miaka kadhaa kabla ya kufika kwenye Mtihani wa Taifa. Siku ya mtihani hupewa maswali na majibu ya kuchagua, akaweka alama, akatoka. Anaweza kupata diploma bila kuwahi hata siku moja kuulizwa swali kwa Kiingereza na mtu ambaye kweli anataka kujua jibu. Mwalimu humuuliza, ndiyo, lakini mwalimu jibu analijua tayari, na wenzake wote darasani wanajua Kiswahili, kwa hiyo hakuna anayehitaji Kiingereza ili aelewane na mwingine.

Hilo ndilo tatizo ambalo makala haya yanalishughulikia. Wengi wetu tunapopelekwa staji huenda tukiwa na programu za kujifunzia lugha ndani ya simu, tukidhani programu ndiyo dawa. Hoja yangu ni kwamba, katika mji kama Mongbwalu, zana ya mtandaoni inayofaa zaidi ni ile inayompa mwanafunzi mtu wa kusema naye, na si ile yenye mazoezi mengi. Kwa shule nyingi zetu, zana hiyo ni ujumbe wa sauti wa kawaida, unaokwenda kati ya madarasa mawili yaliyokubaliana kusaidiana. Nitaongeza kwamba darasa la pili si lazima litafutwe Ulaya, kwa kuwa liko karibu, ng'ambo ya Ziwa Albert.

2. Shule kuandikiana: wazo la zamani

Ushirikiano wa shule kwa ajili ya lugha ulikuwapo kabla ya intaneti. Nchini Ufaransa, mwalimu Célestin Freinet, aliyefundisha katika kijiji cha Bar-sur-Loup, aliingiza mashine ndogo ya kupiga chapa darasani mwaka 1924. Wanafunzi wake waliandika habari za maisha yao, wakazichapa, na tangu mwaka 1926 wakawa wanabadilishana maandishi hayo na watoto wa shule moja ya Bretagne, upande mwingine wa nchi. Freinet aliona kwamba mtoto huandika kwa makini zaidi anapojua kuwa kuna msomaji anayengoja barua yake.

Katika miaka ya 1960, kwenye mikutano ya vijana wa Ufaransa na Ujerumani, likaendelezwa wazo jingine tunaloliita tandemu: watu wawili, kila mmoja anajua lugha ambayo mwenzake anajifunza, wanagawana muda nusu kwa nusu. Tandemu ina kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba kila upande utoe na kila upande upokee. Ya pili ni kwamba kila mwanafunzi awajibike kwa kujifunza kwake mwenyewe. Mwaka 2005 Tume ya Ulaya ilianzisha mpango wa eTwinning wa kuunganisha shule kwa njia ya intaneti, na wazo lile lile likapata chombo kipya.

Nadharia za kujifunza lugha zinaunga mkono njia hii. Merrill Swain, akichunguza wanafunzi wa Kanada waliosomeshwa kwa Kifaransa, alionyesha mwaka 1985 kwamba kusikia lugha kwa wingi hakutoshi. Mwanafunzi anahitaji pia kusukumwa aitoe mwenyewe, ndipo anapogundua pengo kati ya anachotaka kusema na anachoweza kusema. Michael Long naye alisisitiza yale mazungumzo ya kuulizana, "Umesema nini?", "Maana yake nini?", kuwa ndiyo mahali lugha inapoingia. Programu ya simu humwambia mwanafunzi "sahihi" au "kosa". Haimwambii kwamba haijamwelewa, wala haina hamu ya kujua anachotaka kusema.

3. Kwa nini ng'ambo ya ziwa?

Mongbwalu, mji wa dhahabu katika wilaya ya Djugu, uko takriban kilomita 80 kutoka Bunia. Mtu akisikia "shule shirika ya kigeni" hufikiria Ubelgiji au Marekani. Lakini katika ushirikiano wa namna hiyo upande mmoja hutoa na upande wa pili hupokea tu. Mtoto wa Brussels mara chache ana sababu ya kujifunza Kiswahili. Kanuni ya kwanza ya tandemu inavunjika, na baada ya muhula mmoja barua zinakoma.

Uganda ni habari nyingine. Huko watoto hufundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho kinachowapa shida. Lugha hii imepita njia ngumu katika nchi hiyo: Idi Amin aliitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini kwa miaka mingi watu wengi waliiona kuwa lugha ya askari. Katiba iliifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mtaala mpya wa sekondari ulioanza mwaka 2020 uliingiza Kiswahili kama somo la lazima katika madarasa ya mwanzo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwezi Aprili wa mwaka huo huo nchi yetu ilitia saini mkataba wa kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2021 ilikuwa imekubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Kwa hiyo pande mbili za ziwa zina mahitaji yanayokutana. Mtoto wa Mongbwalu, ambaye vitabu vyote vya Kiingereza humfanya ajione hana kitu, ghafla anakuwa na mali inayotafutwa: anasema Kiswahili tangu alfajiri hadi usiku bila kufikiri.

Kuna sababu nyingine, na hii si ya vitabu. Mwaka 2018 makumi ya maelfu ya watu wa Ituri walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kukimbia mauaji ya Djugu, na wengi wao wakapokelewa katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali. Watoto waliofika huko wakaingia katika shule zinazofundisha kwa Kiingereza. Kwa mwanafunzi wa Mongbwalu, sauti ya mtoto wa Djugu anayesema Kiingereza sawasawa ni somo ambalo hakuna kaseti ya London inayoweza kulitoa: inamwonyesha kwamba mtu kama yeye anaweza.

4. Zana ipi kwa hali ipi?

Nianze na kosa langu mwenyewe. Katika staji yangu kwenye shule moja ya Mongbwalu niliandaa mazungumzo ya video na darasa moja la Uganda. Tulikubaliana na mwalimu mwenzangu "saa nne asubuhi". Nilinunua mega, nikaazima simu yenye kioo kikubwa, nikapanga wanafunzi. Saa nne yetu tulipopiga, darasa lao lilikuwa limekwisha kutawanyika muda mrefu, kwa maana Uganda iko mbele yetu kwa saa moja. Wiki iliyofuata tulirekebisha saa, lakini mtandao ulishika dakika mbili, uso wa mwalimu ukaganda kwenye kioo, na mega zikaisha. Wanafunzi walicheka, wakarudi kwenye madaftari. Nilikuwa nimefuja mega za wiki nzima kwa salamu moja.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza maswali matatu kabla ya kuchagua zana: inakula mega ngapi, inahitaji mtandao wakati wa somo au kabla na baada tu, na inamfanya mwanafunzi aseme na nani.

Mazungumzo ya video hula mega kadhaa kwa dakika na yanataka mtandao imara saa ile ile, pande zote mbili. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa upande mwingine, dakika moja yake haifiki hata robo ya mega. Darasa la wanafunzi 50 likigawanywa makundi 10, na kila kundi likarekodi dakika moja, zote kumi hazizidi mega mbili na nusu. Muhimu zaidi, mtandao hauhitajiki darasani. Mwanafunzi hurekodi, mwalimu hutuma jioni akifika penye mtandao, jibu huingia usiku au kesho yake. Simu moja ya mwalimu na spika ndogo ya kuchaji kwa sola vinatosha.

Zana zisizohitaji intaneti wakati wa somo nazo zina nafasi yake. Kolibri na Kiwix ni programu za bure zinazohifadhi masomo na kamusi elezo kwenye kompyuta moja, na simu za darasani zikasoma kutoka humo bila kununua mega. Mkusanyo wa African Storybook una hadithi fupi za watoto ambazo nyingi zinapatikana kwa Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili. Hadithi moja ikisomwa kwa lugha tatu ni chanzo kizuri cha msamiati. Lakini hizi ni ghala. Mwanafunzi huchukua humo maneno ya kwenda kuyatumia kwingine.

Programu za mazoezi, kama Duolingo, zinasaidia kukumbuka maneno. Kwa darasa letu zina vikwazo viwili: kila mwanafunzi anahitaji simu yake, na sentensi zake hazijui Mongbwalu. Tusizikataze, ila tusiziite somo.

5. Somo moja, hatua kwa hatua

Baada ya video kushindikana, mimi na mwalimu mwenzangu wa Uganda tulianza upya na swali moja: "Where do you get water?" Nalieleza somo hilo jinsi lilivyokwenda, ili atakayetaka alijaribu.

Siku ya kwanza, bila simu. Darasa lilijadili maji: chemchemi, bomba, mto, madumu, nani anachota, saa ngapi. Maneno yaliandikwa ubaoni. Kila kundi la watu watano lilitunga maelezo ya sentensi nne na swali moja la mwisho. Sheria yangu ilikuwa kwamba swali lazima liwe la kitu ambacho kundi halikijui.

Siku ya pili, kurekodi. Kila kundi lilipata nafasi mbili: rekodi ya kwanza ya kusikiliza na kujisahihisha, ya pili ya kutuma. Hapa palitokea jambo ambalo sikulitarajia. Wanafunzi waliokuwa wakikataa kusoma kwa sauti mbele ya darasa waliomba warudie mara ya tatu na ya nne. Hawakuogopa tena kuchekwa. Walikuwa na haya na mgeni, na haya hiyo iliwafanya wajitahidi.

Siku ya nne, majibu. Mwanafunzi mmoja wa Uganda alisema: "We get water from the borehole. And you, is your water clean?" Darasa langu lilielewa yote isipokuwa neno moja. Ningeweza kulitafsiri. Badala yake kundi lilirekodi: "What is borehole? We don't know it." Hii ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiingereza, katika staji yangu yote, ambayo mwanafunzi aliitunga kwa sababu alihitaji kitu. Na swali lile jingine, kama maji yetu ni safi, lilizua mjadala mrefu. Katika mji ambao dhahabu huoshwa mtoni, jibu lake si la neno moja. Walitaka maneno ya Kiingereza ya tope, ya zebaki, ya kuchemsha. Msamiati huo haukuwa katika kitabu chochote nilichokuwa nacho.

Siku ya saba, kufunga. Wanafunzi waliandika majibu yote waliyosikia, wakasahihisha sentensi zao za kwanza, na kunakili maneno mapya. Kazi ya mwalimu hapa ni kubwa: asipotoa muda wa kuandika na kusahihisha, sauti hupita kama redio.

6. Kiswahili chetu mezani

Jibu la "borehole" lilikuja kwa Kiswahili, kama tulivyoagana: "Borehole ni kisima ya kupampu." Wanafunzi wangu walifurahi na kusema huyu anajua. Hakuna aliyeona kosa la upatanisho, kwa kuwa nasi Ituri husema hivyo hivyo: kisima ya, kitabu yangu, mutu iko. Mwalimu wa Uganda, ambaye mtihani wake unadai "kisima cha kupampu", aliniuliza kwa upole kama wanafunzi wangu kweli ni wajuzi.

Swali hili lapaswa kutushughulisha sisi wa kitivo cha lugha. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inazipa lugha zetu za taifa nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa, lakini mwanafunzi wengi wa sekondari wa kwetu hajawahi kukaa na Kiswahili sanifu kama somo. Anajua kuongea, hajui sarufi ya anachoongea. Tufanye nini? Kumwambia kwamba Kiswahili chake ni kibovu ni kumnyang'anya kile kitu kimoja alichokuja nacho mezani. Kukaa kimya nako ni kumharibia mwenzake mtihani.

Njia tuliyoishika ni hii. Tulichora ubaoni safu mbili, "tunavyosema Mongbwalu" na "inavyoandikwa mtihanini", na kila ujumbe wa Kiswahili kutoka Uganda ukapangwa humo. "Kitabu yangu" safu ya kwanza, "kitabu changu" safu ya pili. Hakuna safu iliyoitwa kosa. Baada ya wiki tatu wanafunzi walianza wenyewe kutafuta ngeli, na mmoja akauliza kwa nini Kiingereza hakina ngeli kabisa wakati Kifaransa kina mbili. Swali la namna hiyo ndilo tunalolipia karo hapa chuoni, na lilitoka kwa mtoto wa sekondari aliyekuwa akimsaidia mwenzake kupampu maji.

7. Tahadhari

Ya kwanza ni usalama. Vitabu vingi vya Kiingereza hufungua kwa "jitambulishe": jina la baba, kijiji, kabila. Ituri maswali hayo si salamu. Darasani mwetu wamo watoto waliokimbia vijiji vyao, wengine hawajui baba yuko wapi. Na sauti ikishatumwa hairudi. Inaweza kufika kwenye simu ya mtu yeyote. Kwa hiyo jina la kwanza linatosha, picha za nyuso zisitumwe, na mada ziwe maji, chakula, soko, mpira, mvua, kazi za nyumbani. Habari za mahali penye wanajeshi, wanamgambo au dhahabu zisitajwe kabisa. Kundi la simu liwe la walimu wawili tu; wanafunzi wasipeane namba. Barua ya ruhusa ya wazazi na ya prefe wa masomo itangulie yote.

Ya pili ni gharama. Mega zisitoke mfukoni mwa wanafunzi. Mtoto asiye na fedha ndiye wa kwanza kuacha shule na kwenda mashimoni kutafuta dhahabu. Somo la lugha lisimpe sababu ya kuona haya.

Ya tatu ni kalenda. Mwaka wetu wa shule huanza Septemba na kuisha mwanzoni mwa Julai. Wa Uganda huanza Februari na kuisha mwanzoni mwa Desemba. Miezi inayolingana ipo, lakini lazima ihesabiwe kabla. Na saa iandikwe daima kwa namna mbili: yetu na yao.

Ya nne ni mashine za kutafsiri. Wanafunzi wakubwa huziingia haraka. Ujumbe wa sauti hupunguza tamaa hiyo, maana sentensi ndefu iliyotoka kwenye mashine huwashinda kutamka. Kundi likileta sentensi ambayo hakuna anayeweza kuieleza, lirudi kuandika nyingine.

8. Hitimisho

Njia hii haimalizi tatizo la Kiingereza Mongbwalu. Haiongezi vitabu, haipunguzi wanafunzi darasani, na siku ambazo risasi zinalia shule hufungwa, ujumbe wa sauti au la. Hata hivyo kwa mega chache kwa wiki imewapa wanafunzi wa darasa moja kile ambacho miaka ya masomo haikuwapa: mtu wa nje anayewauliza na kungoja wajibu.

Kwa wenzangu watakaokwenda staji mwaka huu, napendekeza mambo matatu. Tafuteni darasa shirika kabla ya kufika, mkianza na walimu wa Uganda wanaofundisha Kiswahili. Hifadhini rekodi ya kwanza na ya mwisho ya kila kundi, kisha mhesabu maneno, mapumziko na maswali ambayo wanafunzi wameyatunga wenyewe. Hapo kuna kazi nzuri ya kumaliza masomo. Na tuwaombe walimu wetu wafikirie swali la safu mbili, kwa sababu kabla ya kuwafundisha majirani Kiswahili itatubidi tukubaliane sisi wenyewe ni Kiswahili gani tunakitoa.

Staji yangu ilipokwisha, kundi la wasichana watano liliniomba nibaki na simu kwa dakika moja zaidi. Walikuwa bado hawajajibu kama maji yao ni safi.